Timu, genge, jopo: Kiingereza kinavyowapanga watu

Leo sitazungumzia simu mpya wala lugha mpya ya kuandikia programu. Nataka tuzungumze juu ya maneno madogo ya Kiingereza yanayowatangulia watu wakishakuwa wengi: "a team of", "a gang of", "a panel of", "a bunch of", "a crowd of". Najua kuna atakayesema hiyo ni kazi ya mwalimu wa lugha, si ya mtu aliyekaa chuo kikuu miaka minne akisomea sayansi ya kompyuta. Vumilia kidogo. Maneno haya yamenilisha kwa miezi mitano sasa, na nimeyaona yakiwacheleweshea watu mkopo.

Kazi yenyewe ni hii. Kampuni moja, ambayo sitaitaja, ina programu ya simu ya kuwekea vyama hesabu: nani amechanga, nani amekopa, nani anadaiwa faini ya kuchelewa mkutanoni. Programu iliandikwa kwa Kiingereza kitupu. Wenyewe wakaja kutambua kwamba waweka hazina wengi ni akina mama wanaosoma Kiswahili kwa raha na Kiingereza kwa kukunja uso. Wakanipa faili lenye mistari 640. Upande wa kushoto Kiingereza, upande wa kulia Kiswahili kilichokwisha kutolewa na mashine ya kutafsiri. Mimi niliambiwa "nisafishe" tu.

Kusafisha! Mstari wa 12 ulikuwa na "merry-go-round contribution". Kila Mkenya anajua hiyo ni nini: kila mwezi tunachanga, mmoja wetu anachukua zote, mwezi ujao ni zamu ya mwingine. Mashine iliandika "mchango wa bembea". Huwezi kuilaumu sana, kwani huko Kiingereza kilikotoka "merry-go-round" ni mchezo wa watoto wa kuzunguka juu ya farasi wa mbao. Sisi ndio tulioupeleka kwenye pesa.

Mstari wa 31: "A number of members have defaulted." Mashine: "Idadi ya wanachama imeshindwa kulipa." Soma tena polepole. Idadi ndiyo iliyoshindwa! Kiingereza kina "a number of", ambayo maana yake ni baadhi au kadhaa, na kina "the number of", ambayo ndiyo idadi yenyewe. Kinachotofautisha ni kile kineno cha mwanzo, na kitenzi hufuata: wa kwanza husema "have", wa pili husema "is". Mzungu wa miaka mitano hawezi kukueleza kanuni hiyo lakini haikosei.

Na mstari wa 58, ambao ulinifanya nicheke peke yangu ndani ya matatu: "a handful of members" ilikuwa "konzi ya wanachama". Mtu angedhani wanachama wamepigwa konzi mkutanoni.

Hapo ndipo nilipoona kwamba tatizo si maneno. Kila neno, ukilitazama peke yake, lilikuwa limetafsiriwa sawasawa. Tatizo ni majirani. Katika kila lugha kuna maneno yanayotembea pamoja, na lugha haikupi sababu. Waliosoma shule ya msingi hapa Kenya wanakumbuka orodha tulizokaririshwa. Kwa Kiingereza "a pride of lions", "a swarm of bees", "a flock of sheep". Kwa Kiswahili bumba la nyuki, thurea ya nyota, mkungu wa ndizi, tita la kuni, shada la maua. Ukikosea moja, alama imeenda.

Baadaye nilikuja kugundua kwamba zile orodha za Kiingereza zina mzaha ndani yake ambao hakuna mwalimu aliyetudokezea. Nyingi zilichapwa mwaka 1486 katika kitabu cha uwindaji kilichotoka mji wa St Albans, Uingereza, kitabu cha mabwana wenye mwewe na mbwa wa kuwindia. Bwana wa namna hiyo alitakiwa ajue jina la kundi la kila mnyama, asije akaaibika mbele ya wenzake. Lakini aliyeiandika orodha alipomaliza wanyama hakunyamaza, aliingia kwa watu. Akawapa majaji neno lao, mawakili lao, na watawa wa kike akawapa neno lenye maana kwamba wamezidi kiasi. Huo ulikuwa utani wa watu wenye vyeo. Miaka zaidi ya 500 baadaye mtoto wa Kakamega anakariri baadhi ya maneno ya orodha ile kana kwamba ni meza ya kuzidisha.

Katika Kiingereza cha kila siku mengi ya yale hayatumiki. Kinachotumika ni maneno machache ya kawaida, na hayo ndiyo yenye hatari, kwa sababu hakuna anayeyatilia shaka. "A team of doctors". "A panel of judges". "A crew" ni wa meli, ndege au kamera. "A cast" ni waigizaji wa mchezo mmoja. "A board" ni wakurugenzi. "A squad" ni askari au wachezaji. "A gang" ni wezi. Hawa wote ni watu kadhaa wanaofanya jambo moja pamoja, hakuna zaidi. Lakini kabla hujasikia wanafanya nini, neno la mbele limeshakuambia uwaheshimu au ufunge mlango.

Kiswahili nacho kina desturi hiyo. Tuna jopo la majaji, kikosi cha zimamoto, baraza la wazee, halmashauri, kamati, umati wa watu, genge la wezi. Ila mipaka haikukaa pale pale. Kikosi chetu kinachukua askari, wachezaji na wazima moto bila wasiwasi. Jopo letu linachukua na madaktari. Na pale Kiingereza cha sokoni kinaposema "a bunch of bananas" na kuridhika, sisi tuna mkungu, ambao ni mzima kama ulivyokatwa mgombani, na kichana, ambacho ni safu moja tu ya mkungu huo. Nenda Marikiti ukachanganye hayo mawili, uone bei itakavyokufundisha Kiswahili. Tena "bunch" hilo hilo linashika funguo, maua, na hata "a bunch of guys". Mashine inapokutana nalo inabidi ichague, na inachagua kwa kutazama majirani.

Sasa niingie kidogo kwenye fani yangu. Mtaalamu mmoja wa lugha wa Chuo Kikuu cha London, J. R. Firth, alishikilia katika miaka ya 1950 kwamba ukitaka kulijua neno, tazama linaandamana na nani. Kwa muda mrefu hilo lilikuwa wazo zuri lisilokuwa na jembe. Jembe lilikuja kompyuta zilipoweza kusoma mamilioni ya maneno. Mwaka 1990 Kenneth Church na Patrick Hanks walichapisha njia ya kupima ukaribu wa maneno mawili, na hesabu yake ni rahisi kiasi kwamba nitaieleza hapa hapa.

Chukua maandishi yenye maneno 1,000,000. Tuseme, kwa mfano tu, "panel" limetokea mara 100 na "judges" mara 200. Kama maneno yangetupwa ovyo kama mahindi shambani, ungetarajia yakae jirani mara ngapi? 100 mara 200, gawanya kwa 1,000,000, unapata 0.02. Yaani karibu hakuna. Lakini unahesabu na kukuta yamekaa jirani mara 10. Hiyo ni mara 500 zaidi ya bahati nasibu. Sasa chukua "group", ambalo limetokea mara 1,000, na "judges" mara 200 zile zile. Kwa bahati nasibu ungetarajia 0.2, na unakuta mara 2. Mara 10 tu zaidi ya bahati. Wenyewe huchukua logi ya msingi wa 2, kwa hiyo jozi ya kwanza inapata karibu 9 na ya pili 3.3. Tafsiri yake: majaji wanaweza kuitwa "group", hakuna polisi atakayekukamata, lakini "panel" ndiye jirani yao wa ukoo.

Njia hii ina udhaifu wake. Neno lililotokea mara moja tu, likikaa karibu na neno jingine lililotokea mara moja tu, linapata karibu 20, alama kubwa kuliko zote, na pengine ni kosa la uchapaji. Ndiyo maana desturi ni kutupa jozi zote zilizotokea chini ya mara 5 hivi kabla ya kuanza kuringa. Niliandika programu ya mistari 40 usiku mmoja na ikafanya kazi. Mashine kubwa za siku hizi zinafanya mambo mazito zaidi ya haya, lakini msingi haujatoka mbali: zinajifunza neno kwa kutazama yaliyo kando yake.

Na hapo kuna kasoro ambayo sisi wa Kiswahili tunaibeba. Mkusanyo wa Kiingereza wa Uingereza uliokamilika mwaka 1994, British National Corpus, una maneno milioni 100, na kwa siku hizi huo ni mdogo. Mkusanyo wa Kiswahili wa Chuo Kikuu cha Helsinki, ambao nimeutumia sana na nawashukuru, una maneno takriban milioni 25, na sehemu kubwa ni magazeti. Katika magazeti ya Tanzania neno "chama" linaandamana na nani? Na Mapinduzi, na uchaguzi, na mwenyekiti wa taifa. Sasa mpe mashine iliyolelewa humo sentensi ya mama wa Kenya: "Chama kilikutana Jumapili tukachanga 500." Nimeona kwa macho yangu ikitoka kwa Kiingereza kama "The party met on Sunday". Mama wa watu anauza mitumba, amefanywa mwanasiasa.

Lakini hilo ni la kuchekesha. Sasa hili lisilochekesha.

Programu ile ilikuwa na kipengele kingine ambacho sikukijenga mimi. Kikundi kinachoomba mkopo kilijieleza kwa Kiswahili kwa maneno yake, kisha mashine ikatoa muhtasari wa Kiingereza kwa ajili ya ofisa anayepitisha maombi. Vijana 14 wa mtaa mmoja wa Nairobi wanaozoa taka kwa mkokoteni waliandika hivi: "Sisi ni genge la vijana 14, tunazoa taka nyumba kwa nyumba tangu 2021." Waliomba mkopo wa kununua tuk-tuk. Ofisa akasoma kwa Kiingereza: "We are a gang of 14 youths going from house to house."

Hebu jiweke kwenye kiti cha ofisa. Taka zimepotea katika muhtasari. Kilichobaki ni genge, vijana, na nyumba kwa nyumba.

Hakuna aliyekataa ombi, la hasha. Liliwekwa kando tu, na kila mmoja kati ya wale 14 akatakiwa alete cheti cha polisi cha tabia njema. Cheti hicho ni cha kulipia, na ni alama za vidole na foleni na siku ya kazi iliyopotea. Zidisha kwa 14. Vikundi vingine havikudaiwa cheti hicho.

Ukilichunguza neno kwa neno, mashine haikusema uongo. "Genge" katika kamusi ni "gang". Lile la makundi ya watu tulilitoa kwao, likaja pamoja na kazi: genge la wafanyakazi wa reli, wa barabara, wa bandarini. Na "gang" la Kiingereza lenyewe halikuzaliwa jambazi. Zamani lilihusu kwenda, mwendo, safari. Likaja kuwa kundi la watu wanaokwenda kazini pamoja. Wezi waliliingia baadaye na wakalichafua. Huku kwetu lilibaki na miguu miwili. Tanzania ukiambiwa "nenda gengeni" unakwenda kununua nyanya na vitunguu. Hapa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 2000 kina Nonini na Jua Cali waliimba muziki ulioitwa Genge, na kijana anayejiita wa genge hakuiri kosa lolote. Anasema ana wenzake.

Halafu "youths". Kamusi kadhaa za Kiingereza zinazoandikiwa wanaojifunza huweka onyo mbele ya neno hili linapomhusu mtu mmoja mmoja: mara nyingi hutumiwa kwa kutopendezwa. Huko Uingereza "youths" ndio wanaovunja kioo cha kituo cha basi. Wakitajwa kwa wema wanakuwa "young people", na kundi lao linakuwa "a group", si "a gang". Kiingereza cha Kenya hakina habari hiyo. Sisi tuna "youth group" kanisani, tuna hazina ya serikali ya vijana ya tangu 2006 yenye neno "Youth" katika jina lake, tuna mihuri ya mpira iliyoandikwa "youth group" na "women group" na "self-help group" kuanzia Vanga hadi Turkana. Mashine ilisoma Kiingereza cha wengine na kuwahukumu vijana wetu kwa majirani wasiowajua.

Kuna wanaofanya hivi wakijua. Julai 2015 David Cameron, wakati huo waziri mkuu wa Uingereza, alihojiwa kwenye runinga kuhusu wahamiaji wanaovuka bahari ya Mediterania, akawaita "a swarm of people". Zogo likawa kubwa, na waliomlaumu hawakuwa wakizozania sarufi. Muulize yeyote aliyekuwa Samburu au Isiolo mwaka 2020 "swarm" ni nini. Mwaka ule kundi moja la nzige kaskazini mashariki mwa Kenya lilipimwa urefu wa kilomita 60 kwa upana wa 40. Jirani wa "swarm" ni nzige, nyuki, mbu. Ukimweka binadamu kwenye nafasi hiyo huhitaji kumtukana. Neno limeshafanya kazi hiyo kabla hujamaliza sentensi. Na mashine haina aibu ya waziri mkuu. Haitajua kwamba imetukana.

Nilipoeleza haya kwa kampuni walinisikiliza, hilo niliseme. Kile kipengele cha muhtasari sasa kinaonyesha Kiswahili cha mwombaji juu na Kiingereza chini, na ofisa anaona vyote viwili. Kwa upande wangu niliacha kutafsiri maneno nikaanza kutafsiri jozi. Nina jedwali: "form a group" ni kuunda kikundi, "join" ni kujiunga na kikundi, "leave" ni kujitoa. Mashine ilikuwa imeandika "kuondoka kikundi", kama mtu aliyetoka mkutanoni kwenda msalani. "Age group" ilikuwa "kikundi cha umri" katika fomu nzima, nikaweka rika, neno ambalo limekuwapo kabla ya fomu yoyote. "Ethnic group" niliomba iondolewe kabisa kwenye fomu, na kwa bahati waliondoa.

Kisha likaja la sarufi, na hapa wenzangu waandishi wa programu watege sikio. Kiingereza hakijaamua kama kundi ni mmoja au wengi. Mmarekani husema "the team has won". Mwingereza mara nyingi husema "the team have won", akiwa anawaona wachezaji mmoja mmoja. Kiswahili kinafuata ngeli ya neno: kikundi kimelipa, timu imelipa, jopo limelipa, wanachama wamelipa. Kwa hiyo ile sentensi yenye tundu, unayoipachika jina na kuimalizia "has paid", kwetu haifanyi kazi. Vitenzi vinne kwa tundu moja! Kanuni za Unicode za umoja na wingi zinakipa Kiswahili makundi mawili kama Kiingereza, na Kiarabu sita, lakini zinauliza ni wangapi tu. Hazikuulizi ni ngeli gani. Dawa niliyoitumia ni kile kipengele cha "select" katika ICU: kila jina linaingia na ngeli yake mkononi, na sentensi inachagua kiambishi. Ni kazi ya kuchosha lakini inawezekana, na atakayekuambia Kiswahili hakiwezekani kwenye programu anamaanisha hajajaribu.

Ila ngeli haikumaliza jambo. Programu ilikuwa na ujumbe wa simu: "Your group has defaulted." Niliukuta kwa Kiswahili kama "Kikundi chako kimeshindwa kulipa." Sarufi safi kabisa. Ulikuwa ukipelekwa kwa kila mwanachama. Siku moja malalamiko ya mweka hazina mmoja yakaletwa kwangu kwa sababu, walisema, yanahusu Kiswahili. Mama mtu mzima, sauti ya upole. Nikamwamkia, tukaulizana habari, kisha akasema: "Mwanangu, mimi nimelipa tarehe 3. Mama wa kando yangu amelipa. Sasa hicho kikundi kilichoshindwa ni nani?"

Walikuwa 22. Waliolipa walikuwa 19. Ujumbe ulikuwa umewafikia wote 22, na wengine walikuwa wameusoma mbele ya waume zao.

Kampuni ilijibu kwamba mkopo ni wa kikundi, kila mmoja amemdhamini mwenzake, kwa hiyo kisheria ni kikundi kilichoshindwa. Ni kweli, na sikubishana nao juu ya mkataba. Lakini huyu mama hakuwa akiuliza sheria. Kiingereza kinaporuhusu "has" na "have" kwa kundi lile lile, kinaacha mlango wa kusema baadaye kwamba ulimaanisha wale wengine. "Kimeshindwa" haina mlango huo. Tulivutana wiki mbili na sasa ujumbe una sentensi mbili: "Wanachama 3 kati ya 22 hawajalipa. Kikundi kinadaiwa shilingi kadhaa." Ni mrefu zaidi, na kila ujumbe mrefu una gharama yake, jambo ambalo mhasibu wao amenikumbusha mara tatu.

Wale vijana wa taka, mkiuliza, walipata mkopo baada ya miezi miwili. Ombi la pili waliliandika "kikundi cha kujisaidia", maneno ya mhuri. Nimewaona wikendi iliyopita na tuk-tuk yao. Mgongoni mwa ovaroli zao pameandikwa GENGE kwa herufi kubwa za kijani, na hawana mpango wa kufuta.

Faili halijaisha. Kati ya mistari 640 bado mmoja umenikaa kooni, nao uko mahali pabaya kuliko yote, kwenye kutoa pesa: "A couple of officials must approve the withdrawal." Kwa Kiingereza "a couple of" inaweza kuwa wawili kamili, na inaweza kuwa wachache tu, wawili, watatu, utakavyopenda. Kiswahili kinanilazimisha nichague. Vyama vingi vina maofisa watatu, mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na kuna tofauti kubwa kati ya "wawili kati ya watatu" na "maofisa kadhaa" wakati akiba ya mwaka mzima iko upande wa pili wa kitufe. Nilitazama msimbo nione programu yenyewe inahesabu wangapi. Inakubali hata mmoja. Nimewaandikia barua pepe mbili kuwauliza walikusudia nini, na mpaka ninapoandika haya hawajajibu. Ule mstari nimeuacha mtupu, ili kitufe kisifunguke kwa Kiswahili mpaka mtu aseme ni wangapi.